MCHEZA KWAO HUTUNZWA. NA MCHEZA KWA SADAKA JE?

Ndugu Wafanyakazi,

Kuna neno moja ambalo ni rahisi sana kwa wanaolitamka, na ghali sana kwa wanaoambiwa. Neno hilo ni "kujitolea". Sisi wafanyakazi wa reli tukaao Mtopanga hatulichukii neno hilo. Baba zetu walijitolea, na sisi twajitolea. Lakini leo twataka kulishika mkononi na kuligeuza huku na huku, tuone ni nani anayelitumia na kwa faida ya nani.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwenye shughuli aliyewachukua vijana wetu mwaka 2022 kwenda kuimba na kupiga ngoma ili kuwachangia wenye njaa anakuja tena. Amekwisha kupita nyumba kwa nyumba. Safari hii anataka vijana 20, na pamoja nao watoto wa shule wakati wa likizo. Tena anaomba tawi letu limpe ukumbi wa mazoezi bila kulipa, na wanachama wanunue tikiti za onyesho la kwanza. Jina lake hatulitaji, maana vita vyetu si vya jina la mtu, ni vya desturi mbaya. Mkutano wa tawi ndio utakaoamua. Basi ndugu, kabla hujainua mkono wako, soma haya.

SAFARI ILIVYOKUWA

Mwaka 2022 ukame ulikuwa umekaza. Mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020. Watu wa Ganze, Magarini na Kinango, ambao wengi wetu ni ndugu zao wa damu, walikuwa wakiona mifugo yao ikifa mmoja mmoja. Mtopanga hapakuwa na mtu aliyeuliza kwa nini tusaidie. Kwa hiyo mwenye shughuli alipokuja na habari ya ziara ya muziki wa hisani, wazee walimpokea, na vijana 14 wakatoka: waimbaji, wapiga ngoma, wachezaji, na mpiga kinanda mmoja.

Safari ilikuwa ya siku 9: Voi, Mwatate, Wundanyi, Taveta, kisha kurudi pwani hadi Kilifi na Malindi. Walipakiwa katika lori pamoja na vipaza sauti, jenereta na madumu ya mafuta. Mwenye shughuli na wageni wake walitangulia kwa gari dogo. Usiku wageni walilala hotelini, na vijana walilala sakafuni katika madarasa ya shule, wavulana chumba kimoja na wasichana chumba cha pili. Wundanyi ni juu milimani na baridi yake yajulikana. Huko walijifunika mapazia ya jukwaa.

Asubuhi walikunywa chai ya rangi na mkate. Mchana walishusha vyombo, wakajenga jukwaa, wakazunguka mitaani kuwaita watu. Jioni waliimba na kucheza. Usiku walivunja jukwaa na kupakia tena. Chakula cha pili kilikuja baada ya onyesho, saa tano ya usiku, na siku nyingine hakikuja. Tena kijana aliyeshika usukani wa lori ndiye huyo huyo aliyepiga ngoma kubwa. Alipiga ngoma mpaka saa nne ya usiku, kisha akaendesha mpaka alfajiri.

Sisi watu wa pwani twajua desturi ya kutunza. Mwimbaji akikugusa moyo, unainuka, unakwenda hadi mbele, unamtunza kwa mkono wako. Katika ziara ile watu wa Voi na Taveta waliinuka pia, wakatunza. Lakini palikuwa na mtu amesimama na ndoo kando ya jukwaa, na kila shilingi iliyomfikia mwimbaji mkononi alitakiwa kuitia ndani ya ndoo hapo hapo, mbele ya watu. Hata ile heshima ya kale ilichukuliwa.

Njiani kutoka Taveta kamba ya mzigo ilikatika, na sanduku la kipaza sauti likamwangukia kijana mmoja mkononi. Mfupa ulivunjika. Kijana huyo siku za kazi ni kibarua bandarini, na mkono ndio shamba lake. Alipouliza nani atalipa hospitali, na nani atalipa siku ambazo hatakwenda kazini, alijibiwa: "Pole sana, lakini kumbuka ulikuja kwa kujitolea." Alipewa fulana yenye jina la ziara na barua ya shukrani. Mama yake akapita Mtopanga, Mlaleo na Kiembeni na daftari la mchango, na sisi tukaandika majina yetu. Ndiyo kusema, aliyekwenda kuwachangia wengine alirudi kuchangiwa.

Mpaka leo hesabu ya fedha haijasomwa hapa Mtopanga. Hatusemi fedha zimeliwa. Twasema hesabu haijasomwa.

NANI ALILIPWA?

Sasa ndugu, tufanye hesabu sisi wenyewe, hesabu ya shule ya msingi tu, ile tuliyofundishwa misheni kwa ubao na chaki. Mwenye lori alilipwa. Mwenye vipaza sauti alilipwa. Muuza mafuta ya jenereta alilipwa. Hoteli ililipwa. Mpiga chapa wa mabango alilipwa. Wote hawa walilipwa taslimu, na wengi wao kabla gurudumu halijazunguka. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa, "Bwana, fikiria wenye njaa, tupe lori lako bure." Kwa nini hawakuambiwa? Kwa sababu kila mmoja angekataa, na lori lisingeondoka.

Aliyeambiwa afikirie wenye njaa ni mmoja tu, yule mwimbaji na mpiga ngoma. Yaani yule asiyekuwa na lori, wala hoteli, wala duka la mafuta. Bidhaa yake i kooni na mikononi mwake, na watu hudhani kwamba koo na mikono havina gharama. Lakini bila koo lile na mikono ile, nani angetoka nyumbani kwake Voi kwenda kutazama lori na jenereta?

Sadaka ni kutoa kilicho chako. Mimi nikitoa shati langu, nimetoa sadaka. Mimi nikivua shati la jirani nikalitoa, jirani amebaki uchi, na mimi nimepata sifa. Hivyo ndivyo ilivyo ziara ya namna hii. Mwenye shughuli hutoa jasho la vijana wa Mtopanga, kisha yeye ndiye anayepigiwa makofi.

"LAKINI WAKUBWA WA ULAYA HUIMBA BURE"

Watu wengine watatuambia: mbona waimbaji wakubwa wa Ulaya na Marekani waliimba bure kwa ajili ya njaa ya Ethiopia? Ni kweli. Tarehe 13 Julai 1985 lilifanywa onyesho kubwa liitwalo Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja, na dunia ililitazama kwa televisheni. Hatulidharau. Lakini tazameni tofauti. Mwimbaji mwenye jina akiimba bure mbele ya dunia nzima, kesho yake watu hununua sahani zake. Jina lake limezidi kukua, na jina kwake ni mtaji. Mpiga ngoma wa Mtopanga hana sahani dukani. Akiimba bure Taveta, kesho yake anaamka na njaa ya jana.

Tena nia njema peke yake haitoshi. Tarehe 1 Agosti 1971, George Harrison na Ravi Shankar walifanya onyesho New York kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh. Nia ilikuwa safi. Lakini mambo ya karatasi hayakutengenezwa mapema, na onyesho halikuandikishwa kuwa la hisani kabla ya kufanywa. Fedha nyingi zilizotokana na sahani na filamu zilikwama miaka mingi mikononi mwa watoza kodi wa Marekani, huku watu waliokusudiwa wakingoja. Ikiwa wakubwa wale, wenye mawakili na makarani, walikwama kwa kukosa kutengeneza karatasi mapema, sisi tutawezaje kuchukua lori bila karatasi hata moja, tukasema Mungu atajua?

ANAYETOA NA ANAYETOLEWA

Hatusemi kwamba kila ziara ya hisani ni wizi. La. Tuweke mifano miwili mizani.

Mfano wa kwanza ni wa Philly Lutaaya wa Uganda. Huyu alikuwa mwimbaji mashuhuri aliyekuwa akikaa Sweden. Mwaka 1989 alijitangaza mbele ya watu kwamba ana UKIMWI, wakati ambapo hakuna mtu mwenye jina nchini mwake aliyethubutu kusema hivyo. Kisha akazunguka Uganda, akaenda mashuleni na makanisani akiimba na kuzungumza, hali mwili wake unazidi kudhoofika. Alifariki Desemba mwaka huo huo wa 1989. Huo ndio kujitolea. Alitoa kilicho chake: sauti yake, siri yake, na siku zake za mwisho. Hakuna aliyemtoa. Yeye ndiye aliyekuwa mtoaji.

Mfano wa pili ni wa wavulana wa Zambia. Miaka ya 1990 shirika moja la Texas, Marekani, lilijifanya la dini na elimu, likachukua wavulana kutoka Lusaka kwenda kuimba makanisani na mashuleni huko. Wazazi waliambiwa kwamba watoto watasomeshwa, na kwamba fedha zitajenga shule nyumbani. Wengine walikuwa na umri wa miaka 11 tu. Huko waliimba maonyesho mengi kwa siku moja, mara nyingine hata saba. Walichimbishwa bwawa la kuogelea kwa mikono. Walipokataa kuimba, gesi ya kupikia ilikatwa wasipate chakula. Shule hawakuiona, wala ujira hawakuupata. Mwanzoni mwa mwaka 2000 serikali ya Marekani iliwatoa mikononi mwa watu wale. Na watazamaji waliokuwa wakilia kanisani kwa utamu wa nyimbo zile, kila mmoja alirudi nyumbani akidhani amesaidia Afrika.

Katikati ya mifano hii miwili kuna kwaya nyingine. Mwaka 1984 ilianzishwa kwaya ya watoto wa Uganda, African Children's Choir, wakati nchi ile ilikuwa katika vita, na watoto wakazunguka Marekani ya Kaskazini wakiimba ili wapatiwe masomo. Wengi wamesoma kwa njia hiyo. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu "kwaya ni mbaya" au "kwaya ni nzuri". Lazima tuulize maswali ya mfanyakazi: Nani ameandika masharti? Nani anashika fedha? Mtoto analala wapi, anakula nini, anaimba mara ngapi kwa siku? Na akisema "nimechoka", kuna mtu wa kumsikia? Maswali haya yasipokuwa na jibu, safari ya kwenda Taveta na safari ya kwenda Texas ni ndugu wa baba mmoja.

SISI WA RELI TWAIJUA NJIA

Ndugu, hakuna watu wanaojua habari ya kuishi njiani kuliko sisi. Njia hii ya reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na tangu siku hizo njia imekuwa na sheria zake. Dereva wa gari moshi hutia sahihi saa aliyoanza kazi. Breki hutazamwa kabla ya kuondoka, na mtu hutia sahihi kwamba zimetazamwa. Mzigo hufungwa, na mtu hutia sahihi kwamba umefungwa. Vituo vikubwa vya njia ya zamani, kama Voi na Makindu, vilikuwa na nyumba za kulala wafanyakazi wa gari moshi, wapumzike kabla ya kurudi. Kitanda kile hakikuwa zawadi. Kilikuwa sehemu ya kazi, maana dereva asiyelala huua watu.

Sasa tuulize: katika lori lililowachukua vijana wetu, nani alitia sahihi kwamba kamba zimefungwa? Nani aliandika saa ambayo dereva aliamka? Sisi tungekataa kuendesha mabehewa ya saruji kwa namna hiyo. Basi tutakubalije waendeshwe watoto wetu?

Njia ya barabara haiheshimu muziki. Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa mkuu wa Morogoro, aliyetoka Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano, alifariki hapa hapa Mombasa Januari 1979 kwa ajali ya gari. Alikuwa bado kijana, hakufikisha hata miaka 40. Nyimbo zake zapigwa mpaka leo katika kila nyumba ya Mtopanga. Mtu wa namna ile barabara ilimchukua. Itamwonea haya kijana wetu asiye na jina, aliyelala juu ya vipaza sauti?

SHERIA IPO, LAKINI NENO MOJA LAIFUNGA

Wengine hudhani kwamba hatuna sheria. Tunazo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yatoa haki ya ujira wa haki, hali nzuri ya kazi, na kuingia katika chama cha wafanyakazi. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kuwawekea bima watu wake. Tena yasema kwamba mwajiriwa anaposafirishwa kwenda au kutoka kazini kwa gari ambalo mwajiri amelitoa kwa kazi hiyo, ahesabiwa yuko kazini. Kumbukeni basi lori na kamba iliyokatika.

Lakini sheria hiyo humlinda mwajiriwa. Na hapa ndipo neno "kujitolea" linapofanya kazi yake ya hila. Ukiitwa mwajiriwa, mkono wako una bima. Ukiitwa mwenye kujitolea, mkono wako ni wa mama yako na daftari lake la mchango. Ni mkono ule ule, sanduku lile lile, barabara ile ile. Kilichobadilika ni neno.

Tena sheria ya ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba uandikwe ikiwa kazi ni ya miezi mitatu au zaidi. Ziara ni ya siku 9. Katika tundu hilo ndimo wajanja wanamopita. Sheria ikiacha tundu, chama ndicho kinachopaswa kuliziba. Kama si hivyo, chama ni cha nini?

MABABU ZETU HAWAKUFANYA HIVI

Msidhani kwamba haya ni mawazo mapya yaliyoletwa na watu wa kusoma. Vyama vya beni vilivyoanza pwani hii mwishoni mwa karne ya 19 vilikuwa vya ngoma, na vilikuwa vya watu wa kazi. Walivaa, wakapiga matarumbeta, wakashindana kwa maringo. Lakini mwanachama alipofiwa, chama kilisimama naye. Fedha za ngoma na watu wa ngoma vilikuwa nyumba moja. Hapakuwa na mtu wa nje na ndoo.

Na tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa kiasi cha 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waliacha kazi. Vitu vilikuwa vimepanda bei kwa sababu ya vita, na mishahara ilibaki chini. Kila siku walikusanyika uwanjani Majengo, na uwanja ule wakauita Kiwanja cha Maskini. Liangalieni jina hilo! Walijiita maskini bila kuona haya, lakini hawakukusanyika kungoja blanketi wala unga wa hisani. Walikusanyika kudai ujira. Chama chao, African Workers' Federation, kiliongozwa na Chege Kibachia, na mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilimkamata, ikampeleka Kabarnet mbali na watu wake. Alipelekwa mbali kwa sababu alisema kwamba maskini anadai haki yake, haombi.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wa kwanza atasema: "Mkidai malipo, wenye njaa watapata kidogo." Twajibu: onyesho lisiloweza kumlisha mpiga ngoma wake na kumwekea bima halijaondoa njaa. Limeihamisha tu. Limeitoa Ganze na kuileta Mtopanga. Na kama fedha ni chache, zipunguzwe kwanza kwenye hoteli na gari dogo, kisha tuzungumze habari ya mkate na chai ya rangi.

Wa pili atasema: "Vijana wenyewe walikubali." Twajibu: walikubali nini? Hawakuonyeshwa karatasi. Kijana asiye na kazi, akiambiwa mbele ya mchungaji, imamu na wazee kwamba kuna watu wanakufa kwa njaa, atasema "sitaki" kwa mdomo gani? Kukubali kwa haya si kukubali.

Wa tatu atasema: "Kuimba si kazi, ni starehe." Huyu twamwomba aende Frere Town, jirani zetu hapa Kisauni, akaulize habari za bango, muziki uliokuzwa na Joseph Ngala na saksafoni yake. Aulize ilichukua miaka mingapi ya mazoezi. Kisha aje Mtopanga, abebe kipaza sauti kimoja tu kutoka lorini hadi jukwaani, halafu atuambie kama amestarehe.

Wa nne atasema: "Watu wa chama hawana huruma, wanataka fedha tu." Huyu twamjibu kwa daftari. Fungua daftari lolote la mchango wa mazishi, wa hospitali au wa karo ya shule hapa Mtopanga, uhesabu majina ya wafanyakazi. Sisi twatoa kila mwezi, na hatupigwi picha. Dini zetu zote mbili hapa pwani zatufundisha kutoa sadaka, na zote mbili zatufundisha kumlipa mtu wa kazi bila kumchelewesha. Hatukuona mahali ambapo amri moja imefuta ya pili.

MAMBO TUNAYODAI

Basi twapeleka mbele ya mkutano wa tawi madai haya. Mwenye shughuli akiyakubali kwa maandishi, tumpe ukumbi, tununue tikiti, na sisi wenyewe tubebe viti. Asipoyakubali, asipewe hata kiti kimoja.

1. Karatasi kabla ya gurudumu. Kila mtu anayesafiri apewe masharti yaliyoandikwa kwa Kiswahili: siku ngapi, miji gani, kazi gani, malipo gani. Asome, au asomewe, kisha atie sahihi, abaki na nakala.

2. Kama ni bure, iwe bure kwa wote. Mwenye lori akilipwa, mwimbaji alipwe. Mwimbaji akitaka kurudisha malipo yake kuwa sadaka, ni juu yake, baada ya kuyashika mkononi.

3. Tuzo ni ya aliyetunzwa. Ndoo ya mchango iwekwe mlangoni, isisimame kati ya mwimbaji na watu wake.

4. Kitanda, chakula na usingizi. Chakula mara tatu kwa siku. Mahali pa kulala pawe na vitanda na blanketi. Wasichana wawe na mama wa kuwaangalia. Aliyepiga ngoma usiku asishike usukani.

5. Watu wasafiri katika gari la watu, mizigo katika gari la mizigo. Wote wawekewe bima, na cheti cha bima kionyeshwe kwa katibu wa tawi kabla ya kuondoka.

6. Mtoto wa shule asichukuliwe bila mzazi wake kutia sahihi, bila mkuu wa shule na ofisa wa watoto kujua, wala zaidi ya siku za likizo.

7. Kibali cha serikali cha kukusanya fedha za umma kionyeshwe. Kisha katika siku 30 baada ya safari hesabu isomwe hapa Mtopanga, hadharani, pamoja na stakabadhi ya watu waliopokea msaada.

8. Deni la zamani kwanza. Kijana aliyevunjika mkono alipwe gharama ya hospitali na siku za kazi alizopoteza. Bila hilo, hatuna mazungumzo.

Tena twalitaka tawi liwasaidie vijana hawa kufanya chama chao, au kuingia katika chama cha kazi za muziki kilichopo. Mpiga ngoma mmoja akisema "sitaki", ataambiwa ana kiburi, na ataitwa mwingine. Wapiga ngoma wote wa Kisauni wakisema "tuonyesheni karatasi", karatasi itaonekana siku hiyo hiyo. Sisi wa reli twalijua jambo hilo, maana hata sisi hatukupewa kitu kwa kusimama mmoja mmoja.

NENO LA MWISHO

Ndugu, ukame utarudi. Hakuna asiyejua. Watu wa Ganze na Kinango watahitaji msaada tena, na sisi tutatoa tena, kwa mkono wetu, kutoka mfukoni mwetu. Nyimbo zitahitajika pia, maana mtu mwenye huzuni huguswa na wimbo kuliko hotuba. Lakini twataka siku hiyo kijana wa Mtopanga aondoke nyumbani akijua atalala wapi, na mama yake ajue kwamba akiumia kuna mtu wa kujibu. Akitoa sauti yake, awe ameitoa yeye.

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Ndugu, wacheza hawa kwao ni hapa. Tusipowatunza sisi, atawatunza nani?

Mje mkutanoni wote, na kila mmoja aje na kijana mmoja wa nyumbani kwake, asikie kwa masikio yake.

UMOJA NI NGUVU.

Sisi, Wanachama wa Reli,
Mtopanga, Kisauni.